Mtutu wa Inchi Nane

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikilala nyumba ya wageni katika mji nisioujua hunijia bila kuitwa. Ni siku niliyosimama mbele ya wenzangu saba huko Chake Chake, Pemba, nikakiri kwamba nimewachagulia vibaya. Lakini siwezi kukufikisha hapo bila kukupitisha njia niliyopita, maana mimi ni mtu wa njia, na kila ninachokumbuka huanza na sanduku.

Nilitoka Ujiji mwaka wa hamsini na nane nikiwa na miaka ishirini na moja, nina cheti changu cha shule na suruali mbili. Nilipanda treni Kigoma, nikalala ndani yake mpaka mgongo ukasahau kitanda, nikateremka Dar es Salaam. Kutoka hapo nikavuka kwa meli hadi Unguja, nikakaa wiki nzima nikisubiri barua ya kazi, kisha nikapakiwa katika meli ndogo ya serikali kwenda Pemba. Mkondo wa bahari kati ya visiwa viwili hivyo ulinitapisha kila nilichokula tangu Tabora. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa karibu nami alinipa ndimu ninuse, akaniambia nitapike tu, kwani Pemba hupenda mgeni aje na tumbo tupu ili ilijaze yenyewe. Alisema kweli. Niliteremka bandari ya Mkoani nikiyumba, nikapandishwa lori la magunia, na magharibi nikawa Chake, karani mpya wa idara ya barabara. Watu wakaniita Bara, na jina hilo nililijibu kwa miaka minne.

Huko ndiko nilikoingia katika klabu ya shabaha. Usishangae, mwanangu. Siku hizi ukitaja bastola watu huangalia pembeni, lakini sisi tulipiga karatasi. Tulikuwa wanane: makarani wawili, askari polisi watatu, muuza vitambaa mmoja wa Kihindi, Shehe Nassor mwenye shamba la mikarafuu, na Mwalimu Hamadi wa skuli. Kila Jumamosi alasiri tulikwenda chini ya kilima cha udongo mwekundu nje ya mji, tukasimika bendera nyekundu ili wachunga mbuzi wakae mbali, tukapiga kwa mkono mmoja kutoka yadi ishirini na tano. Kwanza tulipiga polepole, mtu ana nafasi ya kuvuta pumzi kati ya risasi na risasi. Kisha tulipiga haraka, risasi tano kwa sekunde kumi. Tukimaliza, bastola ilirudi kufungiwa kituoni.

Aliyetushinda sote ni Hamadi. Alikuwa mfupi, mwembamba, mkono wake kama ufito wa kujengea. Ukimwona njiani na kanzu yake na vitabu kwapani usingedhani kwamba anaweza kuua hata mbu. Lakini akinyoosha mkono, karatasi ilitoboka pale alipotaka. Kila mwaka tulipambana na klabu ya Unguja, na kila mwaka wale mabwana walikuja wakituita watu wa shamba. Hamadi hakuwa mtu wa maneno mengi, ila aliwahi kuniambia, tukirudi mjini kwa miguu, kwamba kabla hajazeeka anataka siku moja tu awashinde hapa hapa kwetu, mbele ya wanafunzi wake. Nililiweka neno hilo moyoni, au nilidhani nimeliweka.

Bastola tuliyokuwa tukitumia ilikuwa mali ya ofisa mmoja wa polisi. Alipohamishwa aliondoka nayo, tukabaki na karatasi na bendera. Tukakubaliana tuagize ya klabu, moja, maana hatukuweza zaidi. Kitabu cha muuzaji kilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nikapewa mimi nichague. Bastola ilikuwa ile ile ya risasi sita, lakini ilikuja kwa mitutu ya urefu wa aina tatu: inchi nne, inchi sita na inchi nane.

Nilikisoma kitabu kile kama ninayejiandaa na mtihani. Kilieleza kwamba mtutu ukiwa mrefu, alama ya nyuma na ya mbele za kulengea huwa mbali mbali, na jicho huona upesi kosa dogo. Hilo ni kweli mpaka leo. Kilieleza pia, kwa herufi ndogo, kwamba mtutu mrefu hulemea mbele. Mstari huo niliupita. Nitakuambia kwa nini, kwa kuwa nimefika umri wa kutojifichia mambo: ile ya inchi nane ilikuwa nzuri pichani. Mimi ni mrefu, na nilikwisha kujiona nimesimama nayo kama mtu wa gazetini. Nikaandika inchi nane, nikatia sahihi, na sikumwuliza mtu.

Ilipofika, tulishangilia. Mimi mwenyewe nilipiga vizuri siku hiyo kuliko siku zote za maisha yangu. Hamadi alipiga polepole vizuri kiasi, lakini katika kupiga haraka risasi zake zilianza juu zikashuka moja baada ya moja, ya tano ikaingia udongoni. Wiki ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Hakulalamika. Alipangusa bastola, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema ni chombo kizuri. Wiki ya nne, ukiwa umebaki mwezi na nusu kabla Unguja hawajaja, alituambia kwamba mwaka huu atashika daftari la kuandikia alama, na nafasi yake apewe mwingine. Askari mmoja akamtania kwamba skuli imemchosha macho. Hamadi akacheka pamoja naye. Mimi nikasikitika, nikadhani ameingiwa na woga.

Nikaamua kumsaidia. Nyuma ya kituo kulikuwa na kibanda cha Mzee Makame, mtu wa Gando, fundi wa bunduki za polisi na za wakulima waliowinda nguruwe mwitu mashambani. Nilimwendea nikamwomba aangalie alama za kulengea, huenda zimekwenda upande, maana mwenzangu anapiga chini. Mzee hakuigusa hata ile bastola. Aliendelea kupaka mafuta kitasa cha gobori, kisha akaniuliza aliyeichagua ni nani. Nikamwambia ni mimi.

"Kwa mkono wa nani?"

Nikamwambia anayepiga chini ni Hamadi. Akaniambia nimlete Hamadi kesho yake.

Tulipokuja alikuwa ametayarisha fimbo na kopo la mchanga lenye kamba. Alilifunga kopo kwenye fimbo, inchi sita kutoka kwenye ngumi, akamwambia Hamadi anyooshe mkono na ahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Ncha ya fimbo ilitulia. Kisha akalisogeza kopo mpaka inchi nane. Ni vidole viwili tu, mwanangu, vidole viwili hivi. Hamadi alipofika kumi ncha ikaanza kuteremka, ilipofika ishirini ilikuwa inatikisika kama jani. Kisha nikapewa mimi. Mimi nilihesabu mpaka thelathini, nikaendelea hadi sitini, na fimbo haikujali.

Mzee Makame akanitazama. "Yakhe Bara, weye umekata kanzu kwa urefu wako, kisha umempa mwenzio avae. Sasa anajikwaa, nawe wasema miguu yake mibovu."

Hakuinua sauti. Angeinua ningepata la kukasirikia. Tulipotoka nje nilimwuliza Hamadi kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza. Akasema, "Ningesemaje? Umehangaika kutusomea na kutuandikia, nami niseme siitaki? Ungeona nakudharau." Kwa adabu yake alikuwa tayari kuikosa siku aliyoingoja miaka mingi. Nami kwa haraka yangu nilikuwa nimeshamzika.

Mzee alisema dawa ipo, akate mtutu ubaki inchi sita. Lakini bastola haikuwa yangu. Ndipo ikaja ile Jumamosi. Nilisimama chini ya kilima, koo limekauka, nikawaeleza wote kwamba nilichagua kwa mkono wangu na kwa picha, kwamba sikuuliza, na kwamba mtu wetu bora anakaa na daftari kwa ajili ya kosa langu. Nikaomba mtutu ukatwe. Kisha Shehe Nassor, aliyekuwa mzito wa kukubali jambo lolote, akauliza, "Na ukikatwa ukaharibika, tutaupandikiza kama mhogo?" Watu wakacheka, hata mimi, na kicheko hicho kikanifungua kifua. Muuza vitambaa akasema yeye hukata kila siku, na anayekata kwa hofu ndiye huharibu. Wakakubali. Shehe Nassor alikubali wa mwisho, kwa sharti kwamba yeye awepo akitazama.

Tukatazama sote. Mzee Makame alikibana chuma kwenye jiliwa kwa vipande vya ngozi, akapima mara tatu, akasema Bismillahi, akaweka msumeno. Kukata kulichukua muda mfupi. Kilichomaliza asubuhi nzima ni mdomo wa mtutu, kwa kuwa alitueleza kwamba mdomo ukiwa na kasoro kama ya unywele, risasi hutoka imeinama. Alipiga tupa, akapima, kisha akachukua parafujo ya shaba yenye kichwa cha mviringo, akakipaka mafuta na unga wa msasa, akakizungusha mdomoni taratibu mpaka ukang'aa pande zote sawa. Alama ya mbele akairudisha kwa kulehemu. Shehe Nassor alipoona hivyo akaacha kuuliza maswali.

Unguja wakaja. Mmoja wao, bwana mnene mwenye miwani, alipoiona bastola yetu aliuliza kwa sauti, ili na wanafunzi waliokaa kando wasikie, "Hii mmeitahiri?"

Hamadi alikuwa anavaa saa yake mkono wa kushoto. Hakugeuka. "Ndiyo, bwana. Sasa imekuwa mtu mzima."

Wanafunzi walicheka mpaka mwalimu wao mwingine akawanyamazisha. Katika kupiga polepole yule mwenye miwani alimzidi Hamadi kwa alama moja. Nikajilaumu, maana najua mtutu mrefu ungemsaidia hapo. Kisha ikaja zamu ya kupiga haraka. Hamadi alinyoosha mkono wake ule wa ufito, na risasi tano zikatoka kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Tulipoiendea karatasi, matundu yote matano ungeyafunika kwa kiganja. Hakuna mgeni aliyekaribia hapo. Hamadi akawa wa kwanza wa siku ile, mbele ya wanafunzi wake, na yule bwana mwenye miwani alikuja mwenyewe kumpa mkono, akaushika muda mrefu, na neno la watu wa shamba hakulitaja tena.

Kikombe cha timu walikichukua wao. Ningekuficha, lakini haitafaa. Tulikosa kwa alama tatu, na nilizipoteza mimi, kwa kuwa ule mtutu mfupi ulikuwa mwepesi mno kwa mkono wangu na ulinirukaruka. Hakuna aliyenilaumu. Jioni tulikula pilau kwa Shehe Nassor, na sikumbuki kuwa nimewahi kushindwa kwa furaha kama ile.

Nilikaa Pemba mpaka mwaka wa sitini na mbili. Miguu ikaanza kuniwasha, kama inavyoniwasha mpaka leo katika arobaini na tano yangu, nikaandika barua ya kuacha kazi. Asubuhi ya kuondoka klabu nzima ilikuja chumbani kwangu. Walikuwa wamejipanga kuagiza bastola ya pili, na Hamadi, sasa katibu, aliniletea karatasi nijaze kwa mara ya mwisho. Nilifurahi. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba nimejifunza. Nikachukua kalamu, nikaanza kuandika inchi sita.

Wino haujakauka nikajishtukia. Nikauliza hii ya pili ataipiga nani hasa. Wakanionyesha Kombo, mwanachama mpya, mpakizi wa magunia ya karafuu, ambaye dakika ile alikuwa ameshainua sanduku langu kama anayeinua mto wa kulalia. Nikamwuliza ile bastola yetu anaionaje. Alisita, akamtazama Hamadi, kisha akasema, "Nisamehe, Bwana Bara. Ile nikiishika naona kama nimeshika mwiko. Sijui iko wapi."

Nikaikata sita kwa mstari, nikaandika nane. Hamadi akacheka peke yake, na Kombo akauliza kuna nini. Saa chache baadaye nilikuwa juu ya meli Mkoani, nao wamesimama gatini, na sijarudi Pemba tena.

Basi, mwanangu, nisikilize. Nilipojifunza mara ya kwanza nilidhani nimejifunza inchi sita, na kidogo nimfanyie Kombo yale yale niliyomfanyia Hamadi. Ukipewa kuwachagulia watu, iwe chombo, kazi, mke wa ndugu yako au njia ya safari, soma vitabu vyote, lakini usitie sahihi mpaka umejua mkono utakaobeba. Uliza. Na ukimwuliza mtu mwenye adabu, usitosheke na jibu lake la kwanza, kwa sababu atakusifu ili asikuudhi. Mtazame akishika. Ukiona mtu hodari amefifia ghafla, usikimbilie kumhurumia, tazama kwanza ulichomkabidhi. Na ukikosea, sema mbele ya wale wale uliowakosea. Koo litakauka, lakini huenda akatokea wa kukutania, na hutakufa.

Mungu akupe jicho lililotulia na mkono usiolemewa. Akujaalie marafiki wa kukuambia ukweli mapema, na siku ile utakapokuwa umechelewa kuusikia, akupe nafasi ya kurekebisha kabla wageni hawajafika. Amin.