Siku Niliyokata Kioo cha Gari la Mbio

Katika miaka iliyofuata vita kuu ya pili, nilikuwa mkata vioo kwenye garaji ya Mgiriki mmoja pale Élisabethville. Kazi hiyo nilifundishwa na mapadri kwenye madirisha ya shule yao, na Mgiriki alinichukua kwa sababu mkono wangu ulikuwa hautetemeki. Baba yangu alitoka kaskazini, upande wa Mitwaba, akaja kutandaza reli, akabaki mjini na kutuzaa huko. Wakati ninaousimulia nilikuwa na mke, watoto wawili, nyumba ya matofali niliyopewa kwa ajili ya kazi kwenye cité, mtaa wa Waafrika, na baiskeli. Sikuwa na la kulalamikia.

Gari lililetwa asubuhi ya Ijumaa moja, mwezi wa sita. Kwetu mwezi huo ni wa baridi. Watu wanakwenda kazini wamejifunika blanketi mabegani, na moshi wa bomba la kiwanda cha shaba unalala chini juu ya paa. Tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa gari la viti viwili, la kijani kizito, lisilo na paa, fupi kiasi kwamba ukisimama kando yake unaona utosi wa dereva. Usukani ulikuwa kulia, maana lilinunuliwa Rhodesia. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji kijana, mjenzi wa majumba. Alipovua miwani yake ya safari, uso mzima ulikuwa mwekundu wa vumbi isipokuwa duara mbili nyeupe kuzunguka macho.

Kwenye barabara ya Jadotville lori lililokuwa mbele yake lilirusha jiwe. Jiwe liligonga parabrizi, kioo cha mbele, usawa wa usukani, na nyufa zikakimbia mpaka kwenye fremu pande zote. Kioo hakikuanguka, lakini hapakuwa na mahali pa kutazamia. Alikuwa ameendesha maili nyingi akichungulia kwa pembeni, kichwa nje.

"Siku ya Mungu tuko na mashindano," alimwambia patron wetu, yule Mgiriki, akimaanisha Jumapili. Alisema kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. "Shiwezi kukimbia na hii kioo."

Patron alicheka. Kioo kipya kingetoka Ulaya kwa meli, kisha kwa treni. Kingefika mashindano yamesahaulika. Akanigeukia, akaniita kwa jina la kazi yangu kwa Kifaransa, mkata vioo.

"Vitrie, unaweza kukata ingine?"

"Naweza, patron."

Nyuma ya garaji kulikuwa na gari la zamani la kubebea mikate, limekufa injini, lakini kioo chake cha mbele kilikuwa kizima. Kilikuwa kioo bapa cha aina ileile: vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja, na katikati yao utando laini usioonekana, ili kikipasuka vipande visimrukie mtu. Kioo cha dirisha unakikata kwa mstari mmoja. Hiki unakikata mara mbili, mbele na nyuma, na mistari hiyo isipokutana sawasawa umeharibu kazi.

Niliifungua fremu ya gari la kijani, skrubu moja moja, nikatoa kioo kibovu na kukilaza juu ya katoni, nikachora umbo lake. Kisha nikalaza kile cha gari la mikate juu ya meza yenye blanketi. Nilipitisha kalamu ya almasi upande wa juu. Nikakigeuza, nikapitisha upande wa chini. Nikakigonga taratibu hadi nikaona ufa unatembea kwenye mstari kutoka mwisho hadi mwisho, pande zote mbili. Hapo kioo kimekatika lakini bado kimeshikwa na ule utando. Nikamimina spiriti ndani ya mstari, nikawasha kiberiti. Moto wa buluu ulikimbia juu ya kioo na kuzimika, utando ukalainika, nikavuta kidogo na kupitisha wembe. Mbelgiji alikuwa amesimama karibu anavuta sigara, akitazama. Patron alimwomba arudi nyuma kwa sababu ya spiriti.

Nilikinyanyua ili nikipeleke kwenye gari kabla ya kusaga kingo zake. Nilitaka kwanza kujua kama kinaingia. Hilo lilikuwa kosa langu, ningesaga kwanza. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, kikateleza kidogo kwenye mkono wa kushoto, nikakidaka kwa chini. Nikatembea nacho mpaka kwenye gari, nikakiingiza kwenye fremu. Kiliingia. Nikaanza kusukuma mpira wa ukingoni kwa maji ya sabuni, kwa vidole, kama kawaida.

Maji yale yalianza kuwa mekundu. Nilidhani ni vumbi. Vumbi letu ni jekundu, na gari lilikuwa limejaa vumbi.

"Mudogo yangu," alisema tolie.

Tolie alikuwa mnyoosha bodi wa garaji, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Kwao kulikuwa karibu na kwetu huko kaskazini, na kwa hiyo nilimwita yaya, kaka mkubwa. Alikuwa ameacha nyundo yake.

"Mudogo yangu, unatoka damu."

Nilitazama. Chini ya kidole kidogo cha kushoto, ukingo wa kioo ulikuwa umeingia na kufungua nyama mpaka palionekana kitu cheupe. Damu ilikuwa imeteremka kwenye kiwiko na kudondoka juu ya kiti cha ngozi. Nilitazama mkono ule kama ninavyotazama mkono wa mtu mwingine.

Mbelgiji alipiga kelele kuhusu kiti. Kisha akaona kidonda, akanipa kitambaa chake cha mfukoni.

Yaya alinipeleka nyuma, kwenye bomba la maji. Alinifunga mkono. Halafu akaniuliza:

"Haukusikia?"

"Iko baridi, yaya. Mikono inalala."

Nilikuwa nimejiambia hivyo tangu baridi ilipoanza. Kweli, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimelala hata kabla ya hapo, tangu mvua za mwisho, lakini sikuwa na haja navyo sana, na mtu hafikirii kidole kisichouma.

Alivunja njiti ya ufagio. "Funga macho. Kama nakugusa, sema."

Nilifunga macho, nikasimama nangoja. Nilisikia nyundo ya mtu mwingine ndani ya garaji, nikasikia patron akiongea Kifaransa. Nilingoja muda mrefu.

"Anza basi," nilisema.

"Nilianza zamani," alisema yaya.

Nilipofungua macho, njiti ilikuwa imesimama juu ya mkono wangu, upande wa kidole kidogo, imebonyeza ngozi. Akanikunjia mkono wa shati. Karibu na kiwiko palikuwa na baka, rangi yake imefifia kidogo kuliko ngozi yangu. Mke wangu alikuwa ameliona, tukadhani ni choa.

"Mama mudogo yangu alianza hivi," alisema. "Balimujengea nyumba yake mbali na mugini. Mimi njo nilikuwa namupelekea chakula." Akashusha sauti zaidi. "Lakini ilikuwa zamani. Sasa beko na dawa. Maliza kazi yako, kisha uende kwa munganga. Usingoye."

Hakulitaja jina la ugonjwa, na mimi sikulitaja.

Watu wameniuliza baadaye nilisikia nini moyoni saa ile. Nimejaribu kukumbuka. Nilikumbuka tu kwamba kingo zilikuwa hazijasagwa. Nikarudi, nikatoa kioo, nikakisaga kwa jiwe na maji mpaka ukingo ukawa laini, nikakiosha damu, nikakirudisha, nikakaza skrubu zote. Yaya alishika upande wa pili. Kilikaa sawa kabisa.

Mchana Mbelgiji alirudi. Alizunguka gari, akagonga kioo kwa kucha, akafurahi. "Panda," aliniambia. "Unisikilizie kama inalia."

Hakuna Mzungu aliyewahi kuniambia nipande mbele katika gari kama lile. Nilipanda, mkono uliofungwa juu ya goti. Tulitoka garajini, tukapita mbele ya posta, tukaingia avenue ndefu ya nyumba za Wazungu. Alikanyaga. Nilisukumwa nyuma kwenye kiti, miti ya pembeni ikawa kitu kimoja. Watumishi waliokuwa wanakata majani uani waliinua vichwa. Mmoja, aliyekaa mtaa mmoja nasi, alinitambua na kunipungia mkono kwa furaha kubwa, kama vile yeye ndiye aliyepanda. Nilijua kwamba ni kitu cha kufurahia. Nilikijua hivyo, kwa akili.

"Inalia?" alipiga kelele Mbelgiji.

Niliweka sikio karibu na kioo.

"Hapana, patron. Hailii."

Jumamosi mchana nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachekecha unga mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chekeche chini, akachukua mkono wangu na kubonyeza kwa kucha yake: kidole gumba, cha pili, cha tatu.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

Sikujua kama ameshabonyeza. Aliona usoni mwangu. Akaukalisha mkono wangu juu ya goti langu polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akachukua tena chekeche.

"Baba ya batoto," alisema, "utakula kwanza. Siku ya kwanza tutaenda sisi bote, na batoto. Na beye babaangaliye."

Jumatatu tulikwenda wote wanne. Daktari alinichoma na sindano hapa na pale, akapapasa nyuma ya kiwiko na kuniwekea kidole changu mwenyewe pale ili nisikie: mshipa ulikuwa umevimba chini ya ngozi kama kamba. Ni ukoma, alisema. Aliwavua watoto nguo, akawatazama dirishani mbele na nyuma. Walikuwa safi. Mke wangu alikuwa safi. Hapo tu ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimebana meno tangu nyumbani.

Patron alikuwa ameshasikia, na hakuniruhusu kuingia kuchukua vitu vyangu. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama kwenye lango, mikono mfukoni, akaniambia pole, huku nyuma yake wakiosha meza yangu kwa dawa ya jik. Yaya ndiye aliyeniletea kalamu ya almasi. Aliniwekea kiganjani mwenyewe, mbele ya watu, akakishika kiganja changu kwa mikono yote miwili.

Nilikaa miaka minne katika kambi ya wagonjwa, nje ya mji. Tulikuwa na masista wawili, mashamba ya mahindi, na vidonge vyeupe tulivyomeza mbele ya sista mpaka aone tumefungua mdomo mtupu. Kulikuwa na watu walioumia kuliko mimi mara kumi. Nilifundishwa kutazama mkono kila jioni kama mtu anavyokagua chombo cha kazi, kwa macho, kwa sababu wenyewe haungeniambia kitu. Mwaka wa kwanza mke wangu alikuja kila Jumapili aliyoweza, tukazungumza kati yetu kukiwa na uzio mdogo wa miti. Halafu nyumba ya cité ikapewa mtu mwingine mwenye kazi, ndugu zake wakaja kumchukua, akaenda na watoto Mitwaba, ambako nao walitoka. Alikuja kuniaga. Nilimwambia ni sawa. Nilikuwa nasema ni sawa kwa kila jambo siku zile, hata sista alipokuja kutuambia kwamba jirani yangu wa kitanda amefariki.

Waliponipa karatasi ya kupona, nilipanda lori la samaki kwenda kaskazini. Siku ya pili lori lilizama kwenye matope, tukashuka wote kusukuma. Lilipotoka tulikaa kando ya njia kupumzika, na mama mmoja akatoa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye kibuyu. Kikombe kilikuwa kimoja. Kilizunguka kikanifikia. Kidole changu kidogo kilikuwa kimejikunja tayari, mtu yeyote angeweza kukiona. Nilikishika kikombe kwa mkono uleule bila kufikiri. Nikanywa, nikampa aliyefuata, akanywa. Hakuna aliyekitazama kidole. Walikuwa wanabishana kuhusu tairi. Niligeuka upande wa msitu nikakaa hivyo nikilia, mpaka dereva akapiga honi.

Mke wangu nilimkuta kwenye shamba la mihogo la mama yake. Mkubwa wa watoto alinitambua. Mdogo alijificha nyuma ya kikapu.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni baba yenu," alisema mke wangu. Kisha akaniambia, "Ulichelewa. Tulisikia balikuachilia mwezi uliopita."

"Nilikuwa nangoya karatasi."

"Njo vile," alisema, akanipokonya mfuko.

Tulikaa huko msimu mmoja, kisha tukarudi mjini. Hatukupata nyumba kwenye cité. Tulijenga ukingoni, upande unaoitwa leo Annexe, mahali penye nafasi ya kulima. Nilitia vioo kwenye madirisha ya watu, huko kwetu na hata mtaa wa Makomeno, nikivaa glavu ya ngozi mkono wa kushoto. Hisia haikurudi kwenye vidole vile. Mke wangu alinitazama mgongo na visigino kila Jumamosi, mahali nisipoweza kuona mwenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuona baka jingine.