Neno "Ehadi" Limeniharibia Siku

Mtu asiniulize tena Kiebrania. Nimekoma!

Asubuhi kaka yangu Kassim alikuwa mtandaoni, mubashara, akijadiliana kuhusu Utatu na mchungaji mmoja wa Malindi. Mchungaji akasema "Elohimu" kwenye Taurati ni neno la wingi, kwa hiyo Mungu ana nafsi tatu.

Kassim akanipa simu. "Dada, wewe umesoma Kiebrania chuoni. Mwambie!"

Nikamwambia: umbo ni la wingi, lakini kitenzi chake, "aliumba", ni cha umoja. Hoja haisimami.

Kassim akapiga takbiri.

Mchungaji akauliza kwa upole, "Na 'ehadi', dada, yaani mmoja, lile la 'Mungu ni mmoja'? Si ndilo neno lililotumika kwa mume na mke kuwa mwili mmoja?"

Ndilo. Sasa niongope?

Nikasema, "Ndiyo, ila hilo halithibitishi Utatu."

Hiyo "ila" hakuna aliyeisikia. Mchungaji, "Amina!" Kassim akaninyang'anya simu.

Adhuhuri niko soko la samaki hapa Kismayo, mama ananipigia kutoka kisiwani kwetu Ngumi, analia. Kipande cha video kimeshamfikia, kimekatwa pale pale kwenye "ndiyo".

"Wachu wote hapa kisiwani wanasema umetoka dinini."

"Mama, ni sarufi tu!"

"Soma shahada niisikie."

Nikasoma. Wauza samaki wote wananitazama. Akataka niisome tena, eti sauti ilikuwa ndogo.

Kassim je? "Ungejibu lile la kwanza tu, dada."

Hebu niambieni, ningedanganya?