Bomba Lisilo na Matundu

Fundi wa kuchomelea tunayemsema hapa majirani walimwita Milimita, na jina lilimkaa. Neno “kama hivi” hakutaka hata kulisikia. Ukimpelekea kazi ya geti atapima mara tatu, atakuchosha mara nne, ndipo awashe mashine yake. Watu walimcheka, lakini mageti yake yalifunga.

Mwaka huo akaingiwa na wazimu wa baiskeli za kulalia. Mwendeshaji hukaa chini chini kwenye kiti chenye egemeo, kajilaza kama mtu anayesubiri kunyolewa ndevu, miguu kainyoosha mbele zilipo pedali. Majirani wakanong’ona kwamba fundi kachanganyikiwa. Kachanganyikiwa wapi! Binti yake mkubwa alikuwa amepasuliwa mgongo na kuwekewa vyuma, na tandiko la baiskeli ya kawaida lilimliza. Wenzake wote walikwenda shule wakikanyaga pedali, yeye anabebwa na mama yake kwenye keria, msichana wa miaka kumi na mitatu, uso kauficha nyuma ya begi. Baba akamwahidi: shule zikifunguliwa, utakwenda na ya kwako.

Kitindamimba, yule mwenye mdomo, akadai naye atengenezewe. “Dada akichekwa, tuchekwe wote,” alisema. Baba akasingizia moshi umemwingia machoni, na mashine ilikuwa imezimwa.

Wiki nzima alichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana yake, pale uani, baiskeli mbili za ukubwa wao halisi. Zikiwa zimebaki wiki tatu shule zifunguliwe, binti alimletea chai. Akaizunguka michoro taratibu, mkono kiunoni kama mkaguzi.

“Baba, haya matundu sita kwenye bomba la mdogo wangu ni ya nini?”

“Hilo la kubebea pedali ni bomba ndani ya bomba. Akirefuka miguu, tunalivuta mbele, tunalifunga kwenye tundu linalofuata.”

“Na langu?”

Milimita akajitia kutafuta chaki, na chaki ilikuwa mkononi. Bomba la binti lilikuwa moja, zima, limefungwa huku na huku.

“Kwani mimi sirefuki tena?”

Siku ya kutoka hospitali daktari alimwambia Milimita kwamba mgongo wa mtoto hautaongezeka tena. Baba aliyasikia hayo, mengine yote hakuyasikia. Alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakumsimamisha tena binti kwenye fremu ya mlango walipokuwa wakiandikiwa vimo vyao. Alama za kitindamimba ziliendelea kupanda. Za dada zilikoma. Hata mchoro huu aliutolea vipimo kwenye alama ile ya mwisho, ya mwaka mmoja na nusu nyuma. Yeye, mpimaji wa mara tatu! Aliogopa kupima akakuta namba ni ileile.

Cherehani ikanyamaza barazani. Mama watoto, fundi wa nguo, akaingia na futi yake shingoni.

“Wewe baba watoto, daktari alisema mgongo. Habari za miguu ulizitoa wapi?”

“Nilidhani...”

“Ulidhani! Sketi yake ya shule nimeishusha pindo mara mbili. Mpimaji mwenzio unalala naye chumba kimoja, unashindwa kumuuliza? Mama, hebu lala hapo.”

Binti akajilaza juu ya mchoro wake, mgongo kwenye mstari wa kiti, akanyoosha miguu. Visigino vikazipita pedali za chaki kwa vidole vinne. Baba akapiga magoti akapima. Akapima tena. Mara ya tatu machozi yalidondokea futi, na safari hii hakusingizia moshi.

“Nisamehe, mwanangu,” alisema. “Niliogopa, ndiyo maana nikakukatia tamaa kimyakimya.”

“Basi nipe chaki,” binti akasema, kiganja kakikunjua.

Baba akalifuta bomba lile kwa kiganja, akachora mawili, moja ndani ya jingine. Matundu alichora binti mwenyewe. Alifika la sita, akamtupia baba jicho, akaendelea hadi la tisa.

“Ah, mbona ya dada mengi?” kitindamimba, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaruka juu.

“Nyamaza,” baba akasema. “Ya kwako sikuyafuta.”

Chuma kilikatwa kesho yake. Shule zilipofunguliwa, ndugu wawili walitoka getini wamejilaza kama mabosi, mtaa mzima ukawacheka, nao wakacheka zaidi. Bomba la dada lilianzia tundu la kwanza. Sasa liko la tano.