Maji ya Fundi wa Lifti

Fundi wa lifti anayeishi ghorofa ya tatu, ambaye kazini hupiga kelele mpaka majengo ya mji wa Hualien yamwitikie, akifika nyumbani hunong'ona. Bibi Hsiu-luan, jirani yake, mwanzoni alidhani amepata kitoto kichanga. Kumbe ni tangi la kioo, limejaa maji ya chumvi na mawe ya matumbawe, basi. Kila jioni fundi huvua viatu, huchovya kidole majini na kukilamba, kisha hujaza kichupa cha kupimia maji na kukiinua kwenye taa, amekunja uso kama daktari mwenye habari mbaya. Vidole vyake vimepauka kwa chumvi.

"Samaki wako wapi?" Bibi Hsiu-luan humuuliza kila wakikutana.

"Bado, shangazi. Nikiwatia sasa watakufa; maji hayajaiva."

"Maji yanaiva? Ni ndizi hizo?"

Jumamosi tetemeko lilipopiga, watu walishuka ngazi mbio. Bibi Hsiu-luan, akipita mlangoni kwa fundi, alimwona amelikumbatia tangi kwa mikono miwili, shavu kwenye kioo, shati chapachapa, maji yakimrukia kichwani.

"We mtu, una wazimu? Toka! Humo hamna hata dagaa!"

"Najua."

"Sasa umekumbatia nini?"

"Wiki tano nayaivisha, shangazi," akanong'ona.

Bibi Hsiu-luan akavua kandambili, akaenda kushika upande wa pili, huku akimtukana matusi yote anayoyajua, kwa kunong'ona.