Feni Niliyokataa Kubadilisha

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia nikizungukazunguka. Kazi niliyoijua ni ya mashine ya kusaga, kule Mlowo, miaka mingi. Nilikuwa nikirudi nyumbani mweupe kichwani mpaka kwenye viatu, watoto wangu wenyewe wananikimbia. Kule tulikuwa na desturi yetu: beringi haibadilishwi mpaka ikatae yenyewe kuzunguka. Ikilalamika unashika kijiti kirefu, ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni, unasikiliza inaumwa wapi. Halafu unaipa grisi. Aliyekimbilia kununua mpya tulimcheka, tukasema huyo si fundi, huyo ni mteja.

Nayaeleza haya ili muelewe nilivyoharibu.

Mke wangu alipougua tulikuwa tumeshahamia Tunduma, kwa binti yetu wa mwisho. Binti anachapa fomu na barua za watu wa malori kwenye chumba cha mbele, kompyuta moja na printa yake. Mama yake akakataa katakata kulazwa chumba cha nyuma.

"Kule nyuma mtu anawekwa asubiri kufa," akasema. "Mimi niwekeni mbele, nione watu."

Tukamtandikia karibu na mlango. Na kweli watu walimsalimia. Madereva wa Zambia wakiingia, "Muli shani, mayo?" naye anajibu, "Bwino," kisha anawauliza mahindi ya kwao yamefikia wapi, utadhani ana shamba huko. Siku hizo alimaliza hata bakuli zima la uji.

Basi feni ya kompyuta ikaanza kelele. Kitu chenyewe kidogo, upana wa kiganja, kimo ndani ya kasha kinatoa joto nje. Lakini kilikoroma kama kinasaga mchanga. Na mama, usiku maumivu hayakumwacha alale. Usingizi wake ulikuwa wa mchana, na mchana ndio binti yuko kazini.

"Baba, hizi watu hawatengenezi," binti akaniambia. "Zinauzwa hapo mjini, naleta mpya leo leo."

"Usilete. Nimetengeneza mashine iliyosagia kata nzima, nishindwe na hiki kipepeo?"

Nikaifungua. Kijiti sikuwa nacho, nikaweka kalamu ya binti sikioni. Nikabandua karatasi ya mgongoni mwa feni, nikapaka grisi niliyoomba kwa dereva, ile ya lori. Feni ikalemewa, ikasimama. Kompyuta ikachemka, ikazimika na barua ya mtu katikati. Binti akamwomba mwenye barua asubiri. Nikaifuta grisi yote, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani. Ikanyamaza! Nilijisikia kijana. Mama alilala siku ile mpaka jua likashuka.

Siku ya tatu kelele ikarudi. Nikatia tena mafuta, ikarudi baada ya siku mbili. Binti akasema imeshalika ndani, mafuta yanafunika tu. Nilijua. Sikio langu linaijua beringi iliyokwisha. Lakini niseme ukweli: hospitali walikuwa wameturudisha nyumbani, na ugonjwa wa mke wangu sikuuweza, nilibaki wa kumshikia kikombe. Feni niliona hii ninaiweza.

Mama akanitazama nimeiinamia pale mlangoni, akacheka kidogo.

"Mzee, hiyo feni unaiuguza kuliko mimi. Nayo haiponi."

"Kesho itapona."

"Haya, kesho."

Kesho yake ilikoroma kuliko siku zote. Mchana akaniita, sauti haipo kabisa. "Nipelekeni nyuma."

Nikajifanya sijasikia.

"Baba watoto. Nipelekeni nyuma, nimechoka."

Tukambeba, mimi na binti. Alikuwa mwepesi, sipendi kukumbuka alivyokuwa mwepesi. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta, blanketi lake likaingia alama nyeusi. Na hata hapo sikusema, nenda kanunue.

Kule nyuma hakuuliza tena habari za mahindi ya mtu. Wateja walimuulizia, binti anawaambia amepumzika. Alikaa siku nane.

Tulipotoka kumzika kwao Mbozi, binti alileta feni mpya bila kuniuliza. Skrubu nne tu. Alimaliza kazi chai yangu haijapoa.

Sasa mimi ndiye ninayelala chumba cha nyuma. Juzi mchana nimejilaza, akaingia dereva. Nilimsikia neno kwa neno, alivyosalimia, alivyoburuta kiti. Kumbe ukuta ule ni mwembamba hivyo. Kumbe ningeibadilisha ile feni, hata siku tuliyomhamisha, mama angekuwa anawasikia akiwa huku huku nyuma.

Dereva akauliza, yule mama aliyekuwa analala hapa alipona?

Nikangoja. Binti akamuuliza anataka nakala ngapi.