Mbuzi wa Mbio Yuko kwa Shangazi

Jamani, mbio zetu za kuchangia tangi la maji la shule kule Kinango zimekwisha, na mshindi ni yule aliyekuwa wa mwisho.

Subirini niwaeleze.

Tulipanga kwa haraka, hata alama za njia hatukuwahi kuweka. Nikasema basi, Rama wa bodaboda atangulie, wakimbiaji wamfuate.

Wakamfuata vizuri mpaka njia panda ya Msambweni.

Pale akasimamishwa na mama mwenye kuku. Rama akampakia, akakata kona.

Wakimbiaji wote nyuma yake!

Nampigia simu, ananijibu kwa upole: "Dada, nimuache abiria barabarani kweli?"

Wakaishia uani kwa yule mama. Akawashukuru kwa kumsindikiza, akawakaribisha uji.

Huku shangazi yangu Mwanasha, aliyeachwa mbali hata pikipiki hakuiona, akaja taratibu kwa njia sahihi, akakata utepe.

Mbuzi wa zawadi keshamfunga kwake.

Sasa kamati inataka mbio zirudiwe, na mimi ndiye niliyetumwa kumwambia.

Nimekwenda. Nimempa shikamoo, nimekula wali wake, nimerudi.

Mwenye ubavu aende yeye.