Nusu ya Paa

Mafundi wa barabara wanachemsha lami nje, na harufu imeingia hadi chumba cha Mama, ninapolala tangu tumzike.

Nyumba hii ya hapa Dunga, kando ya ziwa, Mama na Baba waliijenga pamoja. Nusu ya mabati Mama aliyanunua kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, nusu nyingine ni ya Baba. Walipoachana, Baba alikuja na nyundo kung'oa yake.

"Mzee, hapo umefika kwangu," Mama alimwambia akiwa chini. "Rudi upande wako."

Sisi watoto tuliona kama sikukuu. Tulilala chali kitandani tukishangilia kila bati lililoondoka, mbingu ikizidi kuwa kubwa. Ghafla mvua ikaja kutoka ziwani. Baba akashuka mbio, akajibanza nasi upande wa Mama.

"Karibu," Mama akasema. "Huku kwangu hakuvuji."

Baba akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akatutazama tulivyolowa. Mvua ilipokatika aliyarudisha mabati yote, akaenda zake.

Matundu ya misumari ya zamani Mama aliyaziba kwa lami, nasi tukigombania kumshikia ngazi. Madoa yale meusi bado yako juu yangu. Jana ilinyesha usiku kucha, na sikulowa.